Mkubwa akisema "sisi ni familia", wewe unasikia nini?

#1 Bahati58 (Nakuru)
Wadau hamjambo. Mimi niko kwenye sacco moja (chama cha akiba na mikopo) hapa Nakuru, upande wa mikopo. Mwaka huu bodi imetuletea mshauri kutoka Nairobi wa "kuleta mabadiliko". Siku ya kwanza alichora gia ubaoni, akasema sacco ni mashine na kila mmoja wetu ni jino. Jino moja likivunjika, kazi yote imekwama. Tangu hapo tunapimwa kwa saa: fomu ya mkopo imekaa dakika ngapi kwenye meza ya nani. Mwenyekiti naye kila akifunga mkutano anasema "sisi ni familia". Tulipouliza habari ya nyongeza ya mshahara, jibu likawa watu wa nyumba moja hawadaiani.

Dai langu ni hili. Mfano anaochagua mkubwa ndio unaoamua lawama itamwangukia nani. Ikiwa ni mashine, hutafutwa jino bovu. Ikiwa ni familia, hutafutwa mtoto asiye na adabu. Sijasikia mfano hata mmoja ambao ndani yake bodi inaweza kukosea. Huko kwenu mmeambiwa nyinyi ni nini? Na kuna mfano wowote unaosaidia mtu kuelewa kwa nini mabadiliko hukwama?

#2 NyarKano (Kisumu)
Afadhali nyinyi mnaambiwa kwa mdomo. Sisi "familia" imechapishwa kwenye kalenda, na picha ya mkurugenzi juu yake. Halafu hiyo familia ina miezi sita ya majaribio na barua ya onyo ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Mama yangu hajawahi kuniandikia barua ya onyo.

#3 FundiLoko (Nakuru)
Bahati, ngoja kwanza. Nimekula mkate wa karakana maisha yangu yote na sipendi mashine zisingiziwe. Jino la gia likivunjika, fundi mwenye akili halilaumu jino. Anaangalia shafti kama imepinda. Anaangalia beringi. Anauliza grisi iliwekwa lini na nani alitia sahihi kwenye kitabu cha ukaguzi. Ukibadilisha jino na shafti bado imepinda, utarudi hapo hapo na jino jipya mkononi. Tena, mashine ina kiwango cha mzigo kilichopigwa kwenye kibati ubavuni. Ukiizidishia, aliyeizidishia ndiye anayeulizwa.

Huyo mshauri wenu amejua mchoro wa mashine. Mashine yenyewe hajawahi kuifungua.

#4 MwalimuMaseno
Salamu zenu. Huyo mshauri amewaletea kitu cha zamani kwenye karatasi mpya. Mhandisi Mmarekani, Frederick Taylor, alitoa kitabu chake cha usimamizi wa kisayansi mwaka 1911, lakini kazi ya saa alikuwa ameianza miaka mingi nyuma viwandani. Kisa chake maarufu ni cha kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania. Vibarua walikuwa wakipakia vipande vya chuma kwenye mabehewa, tani 12.5 kwa mtu kwa siku. Akamchukua mmoja, kitabuni anamwita Schmidt, akawa anamwambia lini ainue, lini atembee, lini apumzike. Akafika tani 47.5. Mshahara ukatoka dola 1.15 kwa siku hadi dola 1.85.

Kuhusu swali la Bahati, kuna msomi anaitwa Gareth Morgan ambaye mwaka 1997 alikusanya mifano minane ya kuitazama taasisi: mashine, kiumbe hai, ubongo, utamaduni, uwanja wa siasa, gereza la fikra, mtiririko usiokoma, na chombo cha kutawalia watu. Hoja yake ni kwamba kila mfano unaangaza upande mmoja na kufunika mwingine, kwa hiyo mtu asishike mmoja tu.

#5 HesabuTu
Mwalimu, kazi imepanda karibu mara nne na mshahara umepanda kama asilimia 60. Sihitaji mifano minane, huo wa mwisho wa kutawalia watu unanitosha.

#6 MsomiWaNjoro
Marekebisho kidogo kwa #4. Kitabu cha Morgan kilitoka 1986. Hiyo 1997 ni toleo la pili.

#7 MwalimuMaseno
Ahsante Msomi. Nina nakala ya toleo la pili.

#8 Okwiri_B (Busia)
Mwalimu, mtihani ni lini? Nimekariri mitano.

#9 KaraniWaZamani (Magharibi)
Niko kijijini nafuga kuku, lakini nilikuwa masjala ya baraza la manispaa hadi kaunti zikaja, 2013. Nitawaeleza nilichokiona, mtachagua mfano wenyewe.

Machi ile bango la nje lilipakwa rangi upya kabla sisi ndani hatujajua tunaripoti kwa nani. Muda si mrefu tukawa makundi matatu chini ya paa moja. Sisi wa baraza la zamani, waliogatuliwa kutoka wizarani, na vijana walioajiriwa na bodi ya utumishi ya kaunti. Mshahara tofauti, likizo tofauti, hata saa ya chai tofauti. Wa wizarani walituona watu wa sokoni. Sisi tuliwaona wageni. Vijana walituona sote kama samani.

Sasa, masjala tulikuwa na daftari la barua zinazoingia. Kubwa, jalada jeusi gumu, mgongo umebandikwa kitambaa. Safu zake: tarehe, barua imetoka wapi, kumbukumbu namba, inahusu nini, imekwenda kwa nani, sahihi ya aliyepokea. Hiyo safu ya mwisho ndiyo roho ya ofisi. Mtu akisema "barua sijaiona", unamfungulia ukurasa, unamwonyesha mkono wake mwenyewe.

Zilipokuja kompyuta afisa mmoja kijana akaagiza madaftari yapelekwe stoo. Sikumbishia. Nilianza jipya, nikawa naliandika chini ya meza. Halafu wakaanza kuja wakandarasi kudai bili za enzi ya baraza. Kila mmoja ana barua yake, ya kweli na ya kupikwa, na kwenye kompyuta hakuna kitu kabla ya 2013. Nani aliulizwa? Afisa alitumwa stoo na tochi, akarudi na vumbi kwenye tai. Tulizipitia bili zile kwa kidole, mstari kwa mstari.

Kama ni mfano, mimi nasema ofisi ni kumbukumbu. Wanaoleta mabadiliko huanza kwa kuifuta, kisha wanashangaa kwa nini hawajui waliko.

#10 NyarKano
Karani, "vumbi kwenye tai" umeniua. Na ile "sikumbishia nikaanza jipya chini ya meza" ndiyo historia yote ya utumishi wa umma nchini.

#11 OmeraDunga (Kisumu)
Sisi ufukweni hatuna ubao wa kuchora gia, lakini tuna ziwa, na ziwa limefundisha. Mkitaka kuelewa mabadiliko yanayoletwa na mtu wa nje, tazameni mbuta, yule samaki wengine wanamwita sangara. Miaka ya themanini akaletwa ziwani, mkubwa, mwenye faida. Akakuta fulu, samaki wadogo wa asili ya ziwa, mamia ya aina, kila aina na kazi yake: huyu anakula mwani, yule konokono, yule mabaki ya chini. Akawala. Alipowamaliza akageukia uduvi na omena (dagaa), mwishowe akala watoto wake mwenyewe.

Nilifanya kazi kwenye shirika moja (sitalitaja, linakopesha akina mama) likaletewa meneja kutoka benki. Alikuwa mbuta. Mwaka wa kwanza kila mtu alishangilia hesabu zilivyonenepa. Waliokuwa wakijua vikundi vya kule Nyakach na Seme kwa majina, mmoja mmoja wakatoweka. Mikopo ilipoanza kutolipwa hakukuwa na mtu wa kujua mlango wa nani ubishwe. Waliobaki ni omena kama mimi. Tunazaana haraka na hatuna thamani ya kuliwa.

#12 MsomiWaNjoro
Omera, mfano mzuri, lakini historia umeivuta mbele. Mbuta aliletwa Victoria tangu miaka ya hamsini. Miaka ya themanini ndipo alipolipuka idadi. Hapo katikati ni kama miaka ishirini na zaidi ya kimya, na naona hicho ndicho kipande kizuri zaidi cha mfano wako. Sera inaweza kukaa bila kuonekana, kila mtu akadhani imekufa, kisha siku moja ndiyo ziwa lote.

Pia fulu hawakuisha wote. Baadhi wamerudi baada ya mbuta kuvuliwa sana.

#13 OmeraDunga
Sawa daktari wa samaki. Themanini ndipo nilipoanza kumla, kwa hiyo kwangu aliletwa themanini.

#14 AchiengMinofu
Mimi sikubali mbuta afanywe shetani. Mbuta ndiye aliyeleta viwanda vya minofu vya kuuza nje Kisumu, na mimi nilisomeshwa na mshahara wa kiwanda hicho. Fulu hakumpeleka mtu chuo. Omera, waulize wenye shirika lenu kama kabla ya huyo meneja lilikuwa linajiweza au lilikuwa linaishi kwa wafadhili.

#15 OmeraDunga
Lilikuwa linaishi kwa wafadhili. Lakini lilikuwa linaishi.

#16 MkulimaButere
Nimesoma yote na bado natafuta mkulima yuko wapi. Kila mfano mnaouleta una ua kuuzunguka, na mimi niko nje ya ua. Kiwanda cha sukari kikiwa mashine, mimi ni malighafi. Kikiwa familia, mimi ni jirani. Lakini miwa ni yangu, na kwa mkataba shamba langu lilishahesabiwa kabla ya mche kuota. Mbegu na mbolea nimekopeshwa, gharama ya trekta imeandikwa, yote yatakatwa kwenye malipo.

Nichukue kiwanda kimoja nilichokiuzia, sitakitaja. Kilipata mshauri kama huyo wa Bahati. Wakapunguza muda wa lori kukaa kwenye mizani, ripoti ikasifiwa. Walichopima ni kuanzia lori likikanyaga mizani. Foleni ya kutoka barabarani hadi getini haikupimwa, kwa sababu getini ndipo kiwanda kinapoanzia. Na muwa ukishakatwa unaendelea kukauka na sukari inapungua, ukikatwa baada ya moto ndiyo mbaya zaidi. Dereva analala chini ya trela, anaamka, miwa imegeuka rangi kwenye ncha, anasogea urefu wa trekta moja. Uzito unaosomwa mizanini ndio ninaolipwa. Yaani ule usiku wote ni wangu, na kwenye mchoro wao haupo.

Jingine. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa 1973, na Septemba 2019 benki ya KCB ikaweka msimamizi wa kukusanya deni lake. Miaka yote ya kabla ya hapo redioni ilikuwa ni "kampuni inaugua", "iko ICU", "inahitaji kuongezewa damu". Sikiliza hayo maneno. Ugonjwa humpata mtu bila yeye kutaka. Deni hutiwa sahihi. Tangu siku hizo mtu akiniambia taasisi ni mwili, nauliza sahihi ni ya nani.

#17 HesabuTu
#16 apewe kiti mbele.

#18 BintiKondele
Mimi ni mjumbe wa sacco, nimechaguliwa na wanachama wa kanda yangu, basi niwape ya ndani. Hakuna mashine, hakuna familia. Ni kura. Mkutano mkuu hauanzi asubuhi ile mnayoona watu wamevaa shati za nembo. Unaanza jioni iliyotangulia hotelini, nani amekaa meza gani, na nauli na chai ya mjumbe imepanda kiasi gani mwaka wa uchaguzi. Hoja ya mabadiliko ikiletwa, swali la kwanza kichwani mwa kila mtu ni kanda gani itapoteza tawi. Swali la pili ni gawio. Hayo mengine yote ni hotuba.

Bahati, mshauri wenu hakuletwa kurekebisha kitu. Ameletwa ili bodi iwe na mtu wa kunyoshea kidole wakati wa kupunguza wafanyakazi. Mtakuja niambia.

#19 FundiLoko
Dada, siasa iko kila mahali, lakini kura haipaki grisi. Kuna taasisi zenye wanasiasa wazuri na fomu bado inachukua mwezi.

#20 BintiKondele
Mzee wangu, fomu inachukua mwezi kwa sababu kuna mtu anayefaidika ikichukua mwezi.

#21 FundiLoko
Au kwa sababu imesahaulika kwenye trei. Usimpe kila uzembe heshima ya kuwa njama.

#22 Bahati58
Shukrani kwenu, nimecheka na nimejifunza. Niwape kipya. Matokeo ya kupimwa yalitoka wiki hii. Kwa afisa wa mikopo fomu hukaa muda mfupi. Kwa mhasibu mfupi zaidi. Inapolala hasa ni kamati ya mikopo, ambayo ni watu wa bodi, na hukutana mara mbili kwa mwezi, na wakikosa akidi inasubiri kikao kijacho. Hayo yako kwenye karatasi za saa, nimeyaona kwa macho. Kwenye ripoti yenyewe kuna mchoro mzuri wa rangi, na mchoro huo unaishia kwa mhasibu. Kwa kamati wameandika "nje ya mchakato".

#23 MkulimaButere
Ua huo.

#24 FundiLoko
Shafti hiyo! Saa yenyewe imeionyesha. Kwa hiyo usiitukane mashine, Bahati, mashine imekushuhudia. Aliyeikata picha ni mchoraji.

#25 BintiKondele
Na mchoraji analipwa na nani? Ahsanteni, nangoja.

#26 MwalimuMaseno
Ningependa kuongeza mfano mmoja ambao hamjaugusa na unatumika sana kwenye semina: barafu. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akahamia Marekani, aliandika mwaka 1947, mwaka huohuo aliofariki, kwamba mabadiliko ya kikundi ni kama kuyeyusha, kusogeza hadi kiwango kipya, kisha kugandisha tena. Wengi waliokuja baada yake wameipamba hadi imekuwa ngazi tatu za kupanda. Yeye mwenyewe aliieleza kwa kurasa chache sana. Kinachonipendeza ni kuwa alikuwa anaeleza kwa nini watu hurudia tabia ya zamani semina ikishaisha.

#27 AchiengMinofu
Mwalimu, huyo bwana hakuwahi kuuza samaki Kisumu. Hapa barafu ikishayeyuka haigandi tena, inakuwa maji yenye harufu na wewe unatafuta nyingine ya kununua. Tulipobadilishiwa utaratibu wa zamu kiwandani, walituyeyusha vizuri sana. Kugandisha hakukuja. Kila robo mwaka utaratibu mpya, hadi msimamizi mwenyewe alikuwa anauliza sisi leo tunafuata upi.

#28 Okwiri_B
Hiyo ni namba saba kwenye orodha ya Mwalimu, mtiririko usiokoma. Mnaona nimesoma.

#29 JaduongUsenge
Vijana, mimi ni mwenye mashua na niko kwenye kamati ya BMU, chama cha kusimamia uvuvi, ya ufuo wetu. Naona mmemtaja mbuta mkaacha sehemu inayohusu watu wa ofisi. Sheria ya mbuta inasema usichukue aliye chini ya sentimita 50, na pia usichukue aliyezidi 85. Wa chini kila mtu anaelewa, ni mtoto. Wa juu ndiye vijana hubishana naye: mkubwa hivi, pesa yote hii, nimwachie? Anaachwa kwa sababu wale majike wakubwa ndio wanaotaga kwa wingi.

Maofisini hufanya kinyume. Mabadiliko yakija, wa kwanza kupewa barua ya kustaafu mapema kwa hiari ni yule mkubwa, kwa kuwa mshahara wake mmoja ni wa vijana watatu. Kwa hesabu ya mwaka huo ni sawa. Mnaona Karani pale #9? Huyo alikuwa zaidi ya 85.

#30 KaraniWaZamani
Jaduong', nimepokea. Nilipimwa nikakutwa nimezidi, lakini hawakuniachia.

#31 HesabuTu
Na mimi niwe mbishi. Kuna wakubwa wasiotaga kitu. Ofisi yetu kuna mmoja ameshika ufunguo wa kabati tangu enzi ya Moi na hamfundishi mtu. Huyo naye tumwache ziwani?

#32 JaduongUsenge
Huyo si mbuta, huyo ni gugumaji. Hana kazi lakini kumng'oa ni mradi wa wafadhili.

#33 NyarKano
🤣🤣 Bahati, utapeleka "nje ya mchakato" kwa nani sasa? Mkutano mkuu bado?

#34 Bahati58
Bado. Dada Kondele kaniandikia pembeni kwamba mfanyakazi hawezi kusimama mkutanoni kuuliza, lakini mimi pia ni mwanachama na akiba ninayo, kwa hiyo nimpelekee swali mjumbe wa kanda yangu kwa maandishi. Fundi naye anasema nitake karatasi za saa ziambatanishwe na ripoti. Sijaamua. Nina wadhamini watatu kwenye mkopo wangu na wawili ni marafiki wa mwenyekiti.

#35 BintiKondele
Hapo ndipo siasa inaanza, mdogo wangu.

#36 FundiLoko
Omba karatasi kwanza. Ukishakuwa nazo ndipo ujue una nini.

#37 KaraniWaZamani
Na uombe kwa barua. Barua iingizwe kwenye daftari, apokee mtu, atie sahihi. Nakala ubaki nayo nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.

#38 Okwiri_B
Jaduong', tukiwa hapa, omena mnafungua lini huko Usenge? Mke wangu anauliza bei ya gorogoro, Busia imepanda.

#39 JaduongUsenge
Kwa kalenda, kufungwa ni Aprili hadi mwisho wa Julai. Agosti njoo na gunia. Anayekuuzia sasa hivi "mbichi ya leo" muulize ameivua nchi gani.